Mawazo Mingi Kisha Kuzaa
Somo kwa wamama wa kliniki, Kinsevere

Mama, shika mutoto vizuri, kaa, tusome pamoja. Leo hatufundishi juu ya kuhara wala juu ya chandarua. Tunafundisha juu ya ugonjwa ambao balansi haiwezi kuupima, ingawa mara nyingine ni balansi inayotuonyesha mulango wake. Tuseme mutoto ana miezi mitatu. Hana homa, hakohoi, hahari. Lakini kwenye fishi kilo hazipandi. Tunatafuta ugonjwa ndani ya mutoto na hatuuoni. Kumbe mugonjwa ni mama. Ananyonyesha akiangalia ukuta, hasemi na mutoto, usiku hapati usingizi hata kama mutoto amelala. Ukimuuliza, "Mama, uko na nini?" atajibu, "Hapana, njo mawazo mingi tu."

Neno hilo tunalisema wote hapa Kinsevere. Tunalisema juu ya deni, juu ya mume aliyekwenda kutafuta kazi na hatumi habari, juu ya makala yasiyouzwa. Kwa hiyo mama akisema ana mawazo mingi, hakuna anayeshituka. Lakini kuko mawazo ya maisha na kuko mawazo ya ugonjwa, na inafaa tujue kuyatenganisha.

Ugonjwa wenyewe

Siku ya tatu ao ya nne kisha kuzaa, wamama wengi wanalia bila sababu. Anacheka, kisha machozi yanatoka. Huo si ugonjwa. Ni mwili unaobadilika pamoja na uchovu, na inapita yenyewe mbele ya majuma mawili kuisha. Mupikie uji, umushikie mutoto ili yeye alale. Hiyo ndiyo dawa yake.

Kama majuma mawili yamepita na huzuni inabaki, hapo ni jambo lingine. Mama huyu hana furaha ya kitu chochote. Bukari haina ladha, ao anakula tu kwa sababu wengine wanakula. Anachoka mbele ya kufanya kazi. Anajiona kuwa mama mubaya. Anaogopa kila kitu, ao hasikii kitu chochote, hata kwa mutoto wake. Wengine wanaanza hivi wakati wa mimba, na wengine hata miezi mingi kisha kuzaa. Shirika la Afya la Dunia, lile tunaloita OMS, linahesabu kwamba katika nchi zenye mali kidogo, kati ya wamama 100 waliozaa karibu 20 wanapata taabu hii. Sasa angalia benchi yetu. Kama muko wamama 30 leo, hesabu hiyo inasema sita kati yenu wanaweza kuwa nayo. Huwezi kuwajua kwa kuangalia kitenge.

Ugonjwa wa tatu ni wa nadra, unapata mama mumoja ao wawili kati ya 1.000, lakini unakuja kwa nguvu, mara nyingi ndani ya majuma mawili ya kwanza. Mama halali kabisa siku mbili, tatu. Anasema maneno yasiyofuatana, anasikia sauti, anasema mutoto huyu si wake ao kwamba watu wanataka kumuua. Huyu asibaki peke yake na mutoto, hata dakika tano, na aletwe hospitali siku ile ile. Musingoje kesho. Malaria inayopanda kichwani, damu inayopanda nguvu (tension) na homa ya uzazi vinaweza pia kumufanya mama aseme ovyo, na hizo zinaua kwa saa chache. Munganga apime kwanza, majirani waseme baadaye.

Je, ni imani ndogo?

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapotea njia. Katika makanisa yetu wanasema, "Hakuomba vizuri." Katika nyumba za Waislamu wanasema, "Imani yake imelegea," ao wanasema majini yamemuingia. Maneno ni mbalimbali lakini muzigo ni mumoja: mama anayeugua anaambiwa kwamba kosa ni lake. Naye anakubali haraka sana, kwa sababu ugonjwa wenyewe unamunongonezea maneno yale yale usiku.

Mama Mukristo, kumbuka nabii Eliya. Alikuwa ametoka kushinda kazi kubwa ya Mungu, kisha akakimbilia jangwani, akakaa chini ya muti, akaomba afe. Mungu hakumugombeza. Alimwacha alale, akamupa mukate na maji, akamwacha alale tena. Maneno yalikuja nyuma.

Na wewe mama Mwislamu, unajua kuliko mimi kwamba sura moja ya Korani inaitwa kwa jina la Mariamu. Inaeleza namna uchungu wa kuzaa ulimushika chini ya mutende, akiwa peke yake, akiogopa maneno ya watu wa kwao, mupaka akatamani angalikuwa amekufa mbele ya siku ile. Wala hakuhukumiwa kwa hiyo. Alionyeshwa maji ya kunywa na matunda ya kula. Yakobo naye, ambaye munamwita Yakub, inasemwa macho yake yalipofuka kwa kumulilia mwana wake Yusufu. Hakuna mwalimu wa musikiti anayesema Yakub alikosa imani.

Mimi ni Muprotestanti, siandiki haya kufundisha dini ya wengine. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuona dini mbili zinazomupa mugonjwa maji na chakula, na watu wa dini hizo mbili wanaomupa hukumu.

Tena kuko jambo dogo ambalo wakwe wanapaswa kujua. Katika Uislamu mama aliyezaa haamuriwi kusali wala kufunga wakati damu ya uzazi inatoka, na wengi wanahesabu mupaka siku 40. Basi asiambiwe, "Unaona, hata sala ameacha." Siku hizo zikipita na bado hawezi kuinuka kwa sala, wala kuoga, wala kufanya uji, hapo tunauliza juu ya ugonjwa. Hatuulizi juu ya tabia.

Mama Mwislamu kwenye benchi

Kinsevere iko karibu kilometa 30 kutoka Lubumbashi, na kwa sababu ya shaba, watu wametoka pande nyingi kuja kutafuta maisha. Katika miji na vijiji vya migodi vya Katanga utakuta Waislamu waliotoka Maniema, upande wa Kasongo na Kindu, na wengine kutoka Kivu, na wafanya biashara wa Afrika ya Magharibi. Ni wachache kati yetu. Na mutu wa kundi ndogo, akiugua kichwa, anabeba mizigo miwili: ule wa ugonjwa na ule wa macho yetu.

Tuseme wazi namna inavyotokea. Kliniki ya misioni inafunguliwa kwa wimbo na maombi. Mama Mwislamu hajui kama inafaa asimame ao akae, afunge macho ao ayafungue. Kwa hiyo anakuja wakati maombi yamekwisha. Somo limekwisha pia. Namba ya foleni imekwisha kupita, anakuwa wa mwisho, anarudi nyumbani saa nane na jua kali. Mwezi unaofuata haji. Sisi tunaandika kwenye daftari, "Hakuja," kana kwamba ni uvivu. Shauri langu kwa wanaopanga kazi: namba zitolewe kwa kila mutu anapofika mulangoni, na somo la afya lifanywe kisha maombi, si ndani yake. Asiyeomba pamoja nasi akae kwa amani. Kukaa kimya si kukosa heshima. Mungu wetu haharibikiwi na mama anayenyamaza.

Kisha kuko benchi yenyewe. Mama mwenye kitambaa kirefu anakaa, na mwingine anasogea mbali kidogo. Ao watoto wanamuita "ADF". Ninajua neno hilo linatoka wapi. Kikundi cha ADF kilitoka Uganda katika miaka ya 1990, na katika eneo la Beni kimeua watu wengi, zaidi tangu mwaka 2014. Damu hiyo ni ya kweli na inatuumiza wote. Lakini ujue pia kwamba tarehe 1 mwezi wa tano mwaka 2021, Sheikh Ali Amini aliuawa kwa risasi ndani ya musikiti wa Beni, wakati wa sala. Alikuwa anasema mbele ya watu wote kwamba kazi ya wauaji hao ni mubaya. Mama wa Maniema anayepima mutoto wake hapa Kinsevere hana neno na wauaji wale kuliko wewe.

Sisi wa Katanga tungepaswa kujua haya bila kufundishwa. Wenye umri wangu tulikuwa watoto mwaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, wakalala na watoto wao kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingojea treni. Ilianza na majina ya kuitana.

Na Kiswahili chetu? Kililetwa katika pande hizi wakati wa safari za biashara za karne ya 19, na wengi wa wasafiri wale walikuwa Waislamu. Dawa, afya, roho, imani, sala: maneno hayo yote yametoka katika Kiarabu. Muchungaji wako akisimama Jumapili kuhubiri juu ya imani, anaazima neno kwa jirani. Basi tusijifanye kama hatujuani.

Dharau inaongeza ugonjwa, mama. Mutu anayeogopa kuitwa majina anatoka nyumbani mara chache, anaongea na watu wachache, analala vibaya. Mambo hayo matatu ndiyo chakula cha huzuni. Na dharau haitoki kwa Wakristo peke yao. Ndani ya nyumba yake mwenyewe mama huyu anaweza kufichwa, kwa sababu familia inaogopa watu watasema, "Kwao kuko wazimu," na wadogo zake wasipate wachumba. Wakristo wanafanya vile vile.

Kazi iliyofanywa Pakistan

Ninapenda kuwaeleza kazi moja, kwa sababu ilifanywa katika vijiji vya Waislamu, karibu na muji wa Rawalpindi, inchi ya Pakistan. Daktari Atif Rahman na wenzake waliona kwamba watoto wa wamama wenye huzuni ya ugonjwa hawakui vizuri. Hawakuwa na madaktari wa akili wa kutosha kutuma vijijini. Walichukua wanawake wa hapo hapo, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kwa kazi ya afya, wakawafundisha namna ya kuongea na mama: kusikiliza, kumusaidia aone kwamba mawazo fulani yanatoka kwa ugonjwa, kupanga naye kazi moja ndogo ya kufanya mupaka watakapoonana tena, ao kucheza na mutoto, ao kutembelea jirani.

Hawakuingia nyumbani wakisema, "Tumekuja kwa mama mwenye wazimu." Walisema wamekuja kwa afya ya mutoto na mama. Mama mukwe alifungua mulango, kwa sababu mujukuu ni wake pia. Yeye na mume waliombwa kusaidia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Kisha miezi sita, kati ya wamama 100 waliotembelewa namna hiyo, 23 tu walikuwa bado na ugonjwa. Kati ya 100 waliotembelewa bila mafundisho hayo, walikuwa 53. Mwaka 2015 OMS ilitoa kitabu cha njia hiyo ili inchi zingine zitumie.

Zimbabwe nayo, ng'ambo ya Zambia, haiko mbali nasi. Huko Harare, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza kazi na wabibi wazee 14. Mubibi anakaa kwenye benchi inje ya kliniki, mugonjwa anakaa karibu naye, wanaongea. Kwa Kishona ugonjwa huo wanauita kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Ni mawazo mingi yetu, kwa luga ingine. Benchi tunazo. Wabibi tunao. Na kati ya wabibi wa Kinsevere kuko Waislamu pia, nao wangefaa sana, kwa sababu mama Mwislamu ataeleza mambo ya nyumbani kwa mutu ambaye hatamushangaa.

Maombi na dawa

Wamama wananiuliza, "Sasa tuombe ao tumeze dawa?" Munaomba na munameza. Hakuna anayeuliza hivyo juu ya malaria.

Waislamu wanafundishwa kwamba Mungu hakuleta ugonjwa bila kuleta dawa yake, na kwamba kutafuta dawa ni vema. Wametunza wagonjwa wa akili tangu zamani: hospitali ya Sultani Qalawun katika muji wa Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na mahali pao. Mutaalamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kwamba kuko huzuni yenye sababu inayojulikana na kuko huzuni isiyo na sababu, na hii ya pili inatoka kwa mwili. Ni zaidi ya miaka elfu moja, na sisi bado tunabishana mulangoni mwa kliniki.

Kama munaita mwalimu asome Korani juu ya mugonjwa, ao muchungaji aweke mikono, hakuna anayekataza. Kombe likinywewa, wino wake uwe wa kitu kinacholiwa na maji yawe safi. Lakini mambo manne hayakubaliwi, kwa mufumu, kwa mwalimu, wala katika chumba cha maombi: kumufunga kamba ao minyororo, kumupiga ili pepo atoke, kumunyima chakula mama anayenyonyesha, na kumukatalia dawa alizopewa. Ukiona moja ya hayo, mutoe ndugu yako pale. Usingoje ruhusa.

Dawa za huzuni hazifanyi kazi siku moja. Zinachukua majuma mawili mupaka manne, na zinaendelea miezi mingi hata kama mama anajisikia muzuri. Wengi wanaziacha mapema, wanaanguka tena, kisha wanasema dawa ni mubaya. Umuambie munganga kwamba unanyonyesha. Kuko dawa zinazokubaliwa. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, usiache dawa kwa siri. Sheria ya dini yako inamupa ruhusa mugonjwa, na mama mwenye mimba ao anayenyonyesha anayeogopa juu ya afya, kufunga siku zingine. Uulize imamu. Na kama unataka kufunga, dawa nyingi zinaweza kupangwa saa za jioni. Uulize munganga mbele. Dawa za kifafa zisirukwe hata siku moja. Mama akiuliza kama siropo fulani ina pombe, munganga asimucheke, asome chupa na amujibu.

Neno la kuuliza waziwazi

Wakristo na Waislamu wote wanafundishwa kwamba kujiua ni zambi kubwa. Kwa sababu hiyo mama mwenye wazo la kufa anaficha mupaka mwisho. Umuulize kwa sauti ya upole, mukiwa wawili tu: "Ndugu, unafikiri mara nyingine kwamba kufa ingekuwa vizuri?" Usiogope kwamba utamupa wazo. Kumuuliza hakumupi wazo. Kunamupa mulango wa kutokea. Akijibu ndiyo, usianze kumuhubiri. Kaa naye. Ondoa nyumbani dawa ya panya, dawa ya shamba na vidonge vilivyobaki. Mutu mumoja alale naye, mwingine ashike mutoto, na asubuhi mumulete.

Mulete kwanza hapa kliniki. Tukiona inafaa, tutamutuma Lubumbashi, kwenye Centre Neuro-Psychiatrique Docteur Joseph Guislain. Ni ya Ndugu wa Caritas, watu wa Kanisa Katolika. Mama Mwislamu na mama Muprotestanti wanaogopa jina hilo kwa namna mbalimbali, kwa hiyo niwaambie limetoka wapi. Kanoni Triest, aliyeanzisha shirika hilo mwaka 1807 katika muji wa Ghent, Ubelgiji, alikuta wagonjwa wa akili wamefungwa minyororo katika shimo la nyumba ya zamani, na katika mwaka 1815 akaanza kuwatoa. Kwa Wazungu pia, basi, na kwa Wakristo, watu walifungwa kama wanyama. Guislain alikuwa daktari aliyefanya kazi na ndugu hao kisha hapo.

Siku ya kwenda, muchukue fishi ya mama na ya mutoto, na dawa zote alizokunywa, hata zile za mufumu, ndani ya mufuko mumoja, hakuna atakayewagombeza. Mutoto anayenyonya aende pamoja naye. Na aende mutu aliyelala naye usiku, kwa sababu munganga atauliza alilala saa ngapi, na mugonjwa mwenyewe mara nyingi hajui.